Fundi Anayeuita Mlio

Kayamba lililolazwa mkekani halilii. Ni kisanduku bapa cha matete kilichotiwa mbegu, na wapigaji wa Pwani wanajua kwamba sauti yake inadai vitu vitatu kwa pamoja: mbegu iliyo huru, nafasi ya mbegu hiyo kusogea, na mkono unaotikisa. Pikapu inayogongagonga njiani ni kayamba la chuma. Ndani yake kuna kitu kilicholegea, kuna upenyo wa milimita moja au mbili, na kuna mkono, ambao unaweza kuwa injini, magurudumu au barabara yenyewe. Na kama ilivyo kwa kayamba, sauti inayofika sikioni haitoki kwenye mbegu peke yake, bali kwenye kisanduku kizima. Ndiyo maana kusaka mlio ni kazi ngumu kuliko kufungua na kufunga nati, na ndiyo maana inafaa mwenye gari ajue namna ya kuipima. Wengi huipima kwa ukimya: gari limeingia gereji likilia, limetoka limenyamaza, basi kazi ni nzuri. Kipimo hicho hakitoshi. Kazi nzuri ni ile ambayo fundi ameuita mlio ukaja alipotaka, akaunyamazisha, kisha akaurudisha tena mbele ya macho yako. Fundi asiyeweza kuuita mlio hajaupata, hata kama kwa leo hausikiki.

Ukimya una sababu nyingi, na nyingi kati yake hazihusiani na ufundi. Debe tupu haliachi kutika, na pikapu tupu vilevile: weka magunia manne ya saruji, yaani kilo 200, na springi za mabamba za nyuma zinakaa vizuri, mlango wa nyuma unabanwa na mzigo, na nusu ya milio inazimika. Shusha magunia na inarudi. Mpira wa bushi ni mgumu asubuhi yenye baridi na hulainika mchana. Bomba la moshi hurefuka likipata moto, kwa hiyo bati la kuzuia joto lililokuwa mbali kidogo na bomba linaweza kuligusa baada ya safari ya dakika ishirini, kisha likaachana nalo gari likipoa. Tangi lililojaa halitikisiki kama tangi lenye robo ya mafuta. Gari lililolala gereji na kutolewa jioni kwa mzunguko mfupi wa barabara ya lami limebadilishiwa karibu kila kitu kinachofanya mlio utokee, kabla fundi hajagusa spana. Tena kuna ukimya wa bahati. Fundi anafungua shokapu ya kulia ili aweke mpya, na katika kufunga anakaza nati ya chini ambayo kumbe ndiyo ilikuwa imelegea. Mlio unaisha. Mwenye gari analipia shokapu mpya, shokapu nzima ya zamani inatupwa, na fundi anaondoka na somo la uongo: kwamba mlio wa aina ile ni shokapu. Atalitumia somo hilo kwa mteja mwingine, na mwingine.

Umbo la pikapu lenyewe huongeza ugumu. Hilux iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, D-Max ya mwaka 2002 inayounganishwa Nairobi, na jamaa zao wengi wa kazi, wamejengwa juu ya chasi ya vyuma viwili virefu vilivyofungwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi. Kabini imekaa juu yake kwa vikalio vya mpira, bodi ya nyuma imefungwa kwa bolti zake mbali na kabini, na kati ya viwili hivyo kuna mwanya ambao mkono hupita. Chini ya bodi tairi la akiba linaning'inia kwa mnyororo. Nyuma ya kiti kuna jeki na mpini wake. Huo ni mkusanyiko wa vitu vingi vizito vilivyoning'inizwa kwenye chuma kimoja kirefu, na chuma ni mjumbe mwepesi sana: sauti husafiri ndani yake kwa takriban kilomita tano kwa sekunde, wakati hewani haifikishi hata mita 350. Masikio yetu hujua upande wa sauti kwa tofauti ndogo ya muda kati ya sikio moja na jingine, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mlio ukishapita kwenye chasi, ukapanda kwenye sakafu ya kabini na kujirudisha kwenye vioo, tofauti hiyo imevurugika. Kwa hiyo dereva anaposema "unatoka hapa mbele, kushoto," anasema kweli kuhusu alichosikia, lakini hajaeleza ulikotoka. Fundi anayekimbilia kufungua gurudumu la mbele kushoto kwa neno hilo moja amekwishakupa alama ya kwanza ya kumpima.

Alama ya pili iko kwenye maswali yake. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya sauti, na fundi makini huutumia kama daktari anavyotumia maelezo ya mgonjwa. Je, gari linagonga au linagota? Kugonga ni pigo zito lenye kituo. Kugota ni pigo dogo la kitu kigumu juu ya kigumu. Linachakacha, kama bati jembamba juu ya bomba? Linakwaruza, kama pedi ya breki iliyokwisha? Linavuma, kama beringi ya gurudumu iliyoliwa, sauti isiyokatika inayopanda na mwendo? Linalialia, kama mabamba ya springi yaliyokauka yanaposuguana? Maneno haya hayabadilishani, na anayekubali neno "kelele" peke yake ameridhika mapema mno. Baada ya kuuliza ni sauti gani, huuliza lini: gari likiwa baridi au moto, tupu au na mzigo, likipanda au likishuka, mguu ukiwa kwenye mafuta au umeachia. Swali ambalo husahaulika na wengi nalo ni la thamani kubwa: kabla mlio haujaanza, nani alilishika gari, na alishika nini? Tairi lililobadilishwa wiki iliyopita linaweza kuwa limeachiwa nati zisizokazwa sawasawa. Kinga ya chini ya injini iliyofunguliwa ili kumwaga oili mara nyingi hurudishwa na bolti pungufu. Wale wanaoliona swali hili kuwa ni kutafuta lawama wanakosea. Ni njia fupi kuliko zote ya kupunguza mahali pa kutafuta.

Kisha inakuja kazi yenyewe, ambayo moyo wake ni kuitenganisha mikono inayotikisa kabla ya kuitafuta mbegu. Hapa ndipo ujuzi wa kweli unapoonekana, nami ningemshauri mwenye gari asimame na kutazama. Mkono wa kwanza ni injini. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikinguruma taratibu kwa mizunguko 750 kwa dakika inalisukuma gari mara 25 kwa sekunde. Ikipandishwa hadi 1,500, mara 50. Kila kipande cha gari kina mtikisiko wake wa asili, na kipande kilicholegea hupiga kelele mtikisiko wa injini unapofanana na wake. Ndiyo sababu bati fulani hulia kwenye mizunguko 1,800 tu na kunyamaza kabla na baada yake. Fundi anayeliacha gari limesimama, gia ikiwa huru, na kupandisha injini polepole mno huku msaidizi akiinama chini na kusikiliza, anafanya jaribio lenye maana: mlio ukitokea hapo, barabara na magurudumu yameondolewa kwenye orodha kwa dakika tano. Yule anayekanyaga mafuta kwa pupa, vuu! vuu!, anaipita sehemu ile nyembamba ya mizunguko bila kuisikia.

Ikiwa gari lililosimama halilii, inabaki mikono miwili, na yenyewe hutenganishwa kwa hesabu ambayo fundi mzuri anaifanya hata kama hajawahi kuiandika. Tairi la 205R16, linalovaliwa na pikapu nyingi za kazi, husafiri mita 2.3 hivi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwenye kilomita 60 kwa saa gurudumu huzunguka mara saba kwa sekunde. Propela shafti, kwa sababu ya uwiano wa difu, huzunguka mara nne hivi kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani mara 28. Mlio unaoweza kuuhesabu kwa midomo, ta-ta-ta, ni wa gurudumu. Unaokimbia kiasi cha kuwa mngurumo ni wa shafti na viungo vyake. Kwenye barabara tambarare, wazi, isiyo na watu, gia ikiwekwa huru na mlio ukaendelea vilevile, injini imepona tuhuma. Breki ikiguswa kidogo na mlio ukakoma, pedi au vibanio vyake ndivyo vya kutazamwa kwanza. Usukani ukikatwa kushoto uzito huhamia magurudumu ya kulia, na beringi mbovu ya upande huo huongeza kuvuma. Mkono wa mwisho ni barabara. Mawimbi ya barabara ya changarawe yakiwa na umbali wa sentimita 70, mwendo wa kilomita 40 hupiga gari mara 16 kwa sekunde, na mwendo wa 60 mara 24. Madereva wengi wa bara husema mlio "hutulia nikikimbia," na wanafarijika. Hawana sababu ya kufarijika. Mapigo ya barabara yameupita mtikisiko wa kile kilicholegea. Ulegevu wenyewe uko palepale, na kila kilomita unakula chuma.

Baada ya kujua mkono, kutafuta mbegu kunakuwa kazi ya vidole, na vidole vya fundi stadi havina haraka. Mwaka 1816 huko Paris daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani kwa mgonjwa, na hapo ndipo kilipoanza kifaa cha kusikilizia moyo. Bisibisi ndefu ambayo fundi huweka ncha yake kwenye kasha la injini na mpini wake sikioni ni ndugu wa karatasi ile. Huonyesha sehemu ambako sauti ni kali kuliko zote, mradi mwenye kuishika awe na subira ya kulinganisha sehemu tano au sita na aiweke mbali na feni na mikanda. Bomba la moshi hugongwa kwa nyundo ya mpira likiwa limepoa. Gurudumu lililoinuliwa husukwa kwa mikono juu na chini, kisha kushoto na kulia, maana beringi au kiungo cha chini hucheza upande mmoja na ncha za usukani upande mwingine. Na macho nayo yana zamu yao. Vyuma viwili vinavyosuguana huacha ushahidi: unga mwekundu wa kutu umezunguka bolti iliyolegea, au kipande cha chuma kinachong'aa katikati ya tope la miaka mitatu. Fundi anayeosha chini ya gari kabla ya kutazama amefuta maandishi hayo.

Lakini jaribio ninalolithamini kuliko yote linahitaji kipande cha mpira au kabari ya mti tu. Fundi anashuku mwanya fulani. Anapachika kabari, anaendesha, mlio haupo. Wengi huishia hapo, wakishangilia. Aliye bora anaitoa kabari na kuendesha tena. Mlio ukirudi, amepata. Usiporudi, amejua kwamba ukimya wa kwanza ulikuwa bahati, na kwamba mbegu iko kwingine. Hatua hiyo ya kuuita tena huchukua dakika kumi, na hakuna kitu kingine ndani ya gereji kinachotenganisha kujua na kudhani kwa bei ndogo kama hiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya mafundi wachanga. Kwamba mzee aliyeinama chini ya Land Cruiser kwa miaka thelathini husikia mara moja na kusema, "Bushi za springi," na huwa kweli. Siupingi uwezo huo, nao unastahili heshima. Ila ukimtazama mzee wa namna hiyo kwa makini, utaona kwamba hajaacha kujaribu, amefupisha tu. Anapozungumza na wewe tayari ameshakanyaga ukingo wa bodi kwa mguu mmoja na kuliachia gari lipande na kushuka, na ameshagusa kishikizo cha springi kwa kidole kuhisi pigo. Sikio lenye uzoefu huchagua pa kuanzia, na kuchagua vizuri huokoa saa nyingi. Haliwezi kuchukua nafasi ya kuthibitisha, kwa sababu bushi iliyoliwa na yubolti iliyolegea hutoa sauti ambazo hata sikio kongwe huzichanganya, na moja ni ya kubadilisha mpira ilhali nyingine yaweza kuachia ekseli ihame mahali pake.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la fedha. Kwa nini nimlipe mtu nusu siku ya kusikiliza, wakati Gerezani pale Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, nitapata seti ya bushi na shokapu za mtumba, nibadilishe zote na nimalize? Kuna ukweli ndani yake: vipuri vingine ni rahisi kuliko muda wa fundi, na vikiwa vimechoka vibadilishwe tu. Lakini kubadilisha vitu vinne kwa mpigo ni kuua mashahidi wanne. Mlio ukiisha hujui ni kipi kilikuwa na kosa. Usipoisha umetumia fedha na hujui lolote jipya. Tena kila kipuri kipya ni nafasi ya kosa jipya. Chukua bushi za mpira zilizogandishwa kwenye chuma chake: bolti yake ya mwisho inapaswa kukazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira hufungwa katika umbo la kuning'inia, na gari likishushwa unasokotwa muda wote na kuchanika kabla ya siku zake. Ukitaka kumpima fundi kwa swali moja, muulize anazikaza bolti hizo gari likiwa wapi. Atakayejibu bila kusita anastahili hata ule muda wa kusikiliza.

Pingamizi la tatu nalikubali zaidi. Ipo milio isiyoitika. Hutokea mara moja kwa wiki, usiku, njia ya shamba, na gereji hapana. Hapa kuuita kunaweza kushindikana, na fundi mwaminifu husema hivyo kwa kinywa chake. Hupanda gari pamoja na mwenyewe, njia ileile, mzigo uleule. Asipousikia hueleza alivyoviondoa kwenye orodha na jinsi alivyoviondoa, na halipishi kipuri cha kukisia. Kuna na milio isiyofaa kuitwa kabisa. Mlio mzito wa kugonga kutoka tumbo la injini unaoongezeka na mafuta, hasa taa ya oili ikiwa imewaka, ni wa kuzima injini papo hapo. Gurudumu linalogonga na usukani unaoyumba ni wa kuita gari la kuvuta, si jaribio la barabarani. Fundi anayesisitiza kwenda mzunguko mwingine "kusikiliza vizuri" katika hali hizo amekiuka kanuni ya kwanza ya kazi yake. Nati za magurudumu, viungo vya chini na ncha za usukani hukaguliwa gari likiwa limesimama, kabla ya safari yoyote ya majaribio.

Tengenezo lenyewe halichukui maneno mengi. Bati la kuzuia joto lililopasuka likibanwa kwa kipete cha chuma cha skrubu litadumu. Likifungwa kwa waya mwembamba litalia tena, na likitolewa na kutupwa, bomba la moto litabaki wazi karibu na nyaya na majani makavu ya kiangazi. Sponji iliyosokomezwa dashibodini si dawa ikiwa klipu imevunjika. Yubolti hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha hurudiwa baada ya gari kubeba mzigo kwa siku chache, na fundi anayekuambia urudi kwa ajili hiyo hatafuti fedha ya pili.

Tazama sasa kazi hiyo ilivyo ikifanywa sawasawa, kwenye mlio wa kawaida kuliko yote katika pikapu. Mwenye gari analalamika kwamba nyuma panagonga kwenye changarawe. Fundi anauliza, anaendesha tupu, anausikia. Anashusha tairi la akiba kwenye mnyororo wake, analiacha gereji, anaendesha tena njia ileile: kimya. Analirudisha akiliacha limelegea nusu mzunguko, na mlio unarudi, mzito zaidi. Analivuta hadi likae imara kwenye kikalio chake, anaendesha kwa mara ya nne na mwenye gari kando yake, na hakuna kinachogonga. Hakuna kipuri kilichonunuliwa. Bili ina mstari mmoja, kazi ya saa moja, na mwenye gari anayeidharau kwa sababu "amekaza mnyororo tu" anamfundisha fundi wake kwamba kesho ni afadhali kumuuzia shokapu.